Namna ya Kuchagua Hedifoni za Kutembea Nazo kwa Bajeti Ndogo

Mtu anayetafuta hedifoni za kutembea nazo, na ambaye bajeti yake ni ndogo, hujikuta mbele ya aina nyingi mno zinazofanana kwa sura, kila boksi likiwa limejaa namba, nembo na ahadi za sauti isiyo na kifani. Mwongozo huu umeandikwa ili kumwezesha kupunguza wingi huo hatua kwa hatua, mpaka abaki na aina mbili au tatu ambazo inafaa kuzijaribu kwa masikio yake mwenyewe. Ninaamini kwa dhati kwamba fedha kidogo inatosha kununua sauti nzuri, mradi mnunuzi aanze na mahali atakaposikilizia na namna hedifoni zinavyokaa sikioni mwake, halafu ndipo azitazame namba, na jina la kampuni liwe jambo la mwisho kabisa.

Imani hiyo ina msingi. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha matokeo ya vipimo vya hedifoni 283 za bei mbalimbali, akilinganisha bei na jinsi kila hedifoni inavyogawa nguvu kati ya sauti nzito, za kati na nyembamba. Hakupata uhusiano kati ya viwili hivyo. Bei kubwa hununua mambo mengine yenye thamani yake: malighafi imara, mfumo mzuri wa kuondoa kelele, maikrofoni inayosikika vizuri, vipuri na huduma baada ya mauzo. Mwenye bajeti ndogo hawezi kuyapata yote hayo kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kuamua lipi analihitaji kweli na yapi anaweza kuyaacha bila kujuta.

Hatua ya 1: Amua utasikilizia wapi, na utasikiliza nini

Kabla ya kutazama hedifoni yoyote, andika mahali ambapo utazitumia mara nyingi zaidi. Usiorodheshe kila mahali unapoweza kuzitumia, kwa sababu hedifoni moja ya bei nafuu haiwezi kufaa kwenye basi, ofisini, mazoezini na kitandani kwa kiwango kilekile. Chagua mahali pamoja, au pawili ukizidisha, na ukubali kwamba hapo ndipo fedha yako itafanya kazi.

Kama ni ndani ya vyombo vya usafiri au sehemu yoyote yenye kelele, jambo la kwanza kulitafuta ni uwezo wa kuzuia sauti za nje, na linatangulia hata ubora wa muziki wenyewe. Sababu ni kwamba kelele za injini na za barabarani hufunika sauti nzito za muziki pamoja na silabi laini za maneno, na msikilizaji huongeza sauti bila hata kujua anafanya hivyo. Hedifoni zinazozuia kelele hukuwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo kinga kubwa ya masikio yako kuliko kitu kingine chochote utakachokinunua. Kama unatembea kwa miguu kandokando ya barabara au unaendesha baiskeli, mambo hugeuka kabisa: unahitaji kusikia honi na magari yanayokuja nyuma yako, na hedifoni zinazoziba sikio zinakuwa hatari.

Zingatia pia unachosikiliza. Anayesikiliza zaidi mazungumzo, masomo, mawaidha au taarifa za habari anahitaji sauti za kati zilizo wazi, na hana haja ya kulipia besi kubwa ambayo itafanya maneno yasikike kama yanatoka ndani ya pipa. Anayependa muziki wa dansi au wa kisasa wenye besi atahitaji hedifoni zinazokaa sawasawa sikioni, kwa sababu ambayo nitaieleza katika hatua inayofuata. Anayepiga simu nyingi ajue mapema kwamba maikrofoni ni sehemu inayobaniwa matumizi sana katika hedifoni za bei ya chini, hivyo aijaribu kwa makini kabla ya kununua.

Hatua ya 2: Chagua umbo linalofaa sikio na mahali

Yapo maumbo manne makuu. Kuna hedifoni ndogo zenye vipira laini ambazo hutumbukizwa ndani ya tundu la sikio. Kuna zile ngumu zisizo na vipira ambazo huegemea mdomoni mwa tundu bila kuliziba. Kuna zenye upinde wa kichwani ambazo pedi zake hukaa juu ya sikio. Na kuna kubwa ambazo pedi zake hulizunguka na kulifunika sikio lote.

Kwa mtu mwenye bajeti ndogo anayesafiri mara kwa mara, zenye vipira ndizo ninazozipendekeza kwanza. Ni ndogo, hazina vipande vingi vya kuvunjika, na zikikaa vizuri huzuia kelele bila kutumia umeme wowote. Siri yake yote imo katika vipira. Sauti nzito hutokana na spika ndogo iliyomo ndani kusukuma na kuvuta hewa iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio, na palipo na mwanya, hata mdogo kama unywele, hewa hiyo huvuja na besi hutoweka, ilhali sauti nyembamba hubaki na kuanza kuchoma. Watu wengi hurudisha hedifoni nzuri dukani wakilalamika kwamba hazina besi, kumbe wamevaa vipira visivyowatosha. Ndani ya boksi huwa kuna vipira vya ukubwa wa aina tatu. Vijaribu vyote, na usishangae ukikuta sikio la kulia linataka ukubwa tofauti na la kushoto, kwa sababu masikio ya mtu mmoja huweza kutofautiana. Kama hata kimoja hakitoshi, vipira vya sponji vinavyobonyea vinauzwa peke yake, na mara nyingi ndiyo nyongeza ya bei ndogo yenye faida kubwa zaidi.

Zile zisizo na vipira zinafaa kwa anayetaka kusikia mazingira yake na kwa asiyevumilia kitu kuingia ndani ya sikio. Gharama yake ni besi hafifu na kukosa kinga ya kelele, na ndani ya basi hukulazimisha kupandisha sauti kuliko inavyofaa.

Zenye upinde hugawanyika pia katika zilizofungwa nyuma ya spika na zilizo wazi nyuma ya spika. Zilizo wazi huruhusu hewa na sauti kupita pande zote mbili. Muziki husikika kwa upana na utulivu zaidi, lakini jirani yako atausikia, nawe utamsikia jirani. Hapa inafaa kuitaja Koss Porta Pro, hedifoni nyepesi ya kukaa juu ya sikio iliyoingia sokoni mwaka 1984 na ambayo bado inauzwa ikiwa na umbo lilelile la chuma chembamba na pedi za sponji. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kwamba usanifu mzuri wa bei ya kati unaweza kuishi miongo minne, wakati bidhaa nyingi zilizotangazwa kwa kishindo zimeshasahaulika. Hata hivyo iko wazi nyuma, na kwa hiyo si ya kuvaliwa kwenye chombo chenye kelele.

Kubwa zinazofunika sikio ni nzuri kwa anayekaa mahali pamoja kwa muda mrefu. Kwa bei ya chini, angalia uzito na mbano wake, kwa kuwa upinde unaobana sana hukuletea maumivu ya kichwa, na upinde uliolegea huacha mwanya ambao matokeo yake ni yaleyale ya vipira visivyotosha. Anayevaa miwani apime akiwa ameivaa, kwa sababu mikono ya miwani hunyanyua pedi na kuvujisha sauti.

Hatua ya 3: Amua kati ya waya na Bluetooth

Kwa fedha ileile, hedifoni za waya karibu kila mara hukupa sauti bora na maisha marefu zaidi. Katika hedifoni za Bluetooth, sehemu ya bei huenda kwenye betri, redio, kichakato cha sauti (chipu ndogo inayoishughulikia sauti) na kasha la kuchajia, na kinachobaki kwa ajili ya spika zenyewe huwa kidogo. Kama kifaa chako bado kina tundu la hedifoni la milimita 3.5, ushauri wangu ni kununua za waya, isipokuwa kama kazi zako au mazoezi yako hayaruhusu waya kabisa.

Tangu Apple ilipoondoa tundu hilo kwenye iPhone 7 mwaka 2016, simu nyingi zimefuata njia hiyohiyo, na waya sasa hupitia USB-C, yaani tundu la kuchajia. Hapo pana mtego mmoja unaowagharimu wengi. Baadhi ya adapta za USB-C zina kichakato kidogo ndani kinachobadilisha data kuwa sauti, na nyingine ni waya mtupu unaotegemea simu yenyewe itoe sauti iliyokwisha kubadilishwa. Aina hii ya pili hufanya kazi kwenye simu moja na kukataa kwenye nyingine. Nunua ile yenye kichakato chake, au hedifoni za USB-C moja kwa moja, na uijaribu kwenye simu yako hapohapo dukani.

Ukichagua Bluetooth, usishawishike na namba ya toleo pekee. Bluetooth 5.3 haimaanishi muziki mzuri kuliko 5.0, kinachogusa muziki zaidi ni kodeki, yaani njia ya kubana sauti ili ipite hewani. Hedifoni zote za Bluetooth za mfumo wa kawaida wa kucheza muziki hubeba kodeki ya SBC, na inatosha kwa wasikilizaji wengi. AAC hufaa kwa watumiaji wa iPhone, ingawa ubora wake kwenye simu za Android hutofautiana kati ya simu na simu. LDAC inaweza kufikia kilobiti 990 kwa sekunde, lakini hedifoni yenye spika duni haitakuwa nzuri kwa sababu tu ina LDAC. Kodeki hufanya kazi pale tu ambapo simu na hedifoni zote mbili zinaielewa, kwa hiyo kagua simu yako kwanza kabla ya kulipia kodeki ambayo hutaweza kuitumia.

Wengi hushtuka wanapokuta muziki unabadilika na kuwa kama sauti ya simu ya zamani mara tu maikrofoni ya hedifoni inapowashwa kwenye mkutano wa mtandaoni au mchezo. Huo si ubovu. Mfumo wa kawaida wa simu katika Bluetooth huchukua sampuli 8,000 au 16,000 za sauti kwa sekunde, nazo zinatosha kwa maneno na hazitoshi kwa muziki. Mfumo mpya uitwao LE Audio, uliotangazwa mwaka 2020 pamoja na kodeki yake ya LC3, unapunguza tatizo hilo, ila vifaa vyote viwili lazima viwe nao. Kama mikutano ndiyo kazi yako, tumia maikrofoni ya kompyuta na uache hedifoni zicheze sauti tu. Mara nyingi wenzako pia watakusikia vizuri zaidi.

Jambo lingine ni ucheleweshaji. Sauti ya Bluetooth hufika ikiwa imechelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kwenye video, programu nyingi husawazisha picha na sauti zenyewe. Kwenye michezo ya simu utaona kidole kimegusa na mlio ukafuata baadaye. Anayecheza michezo ya kasi, au anayepiga kinanda cha umeme, asihangaike na Bluetooth.

La mwisho kuhusu Bluetooth, na kwangu ndilo zito kuliko yote, ni betri. Betri za lithiamu hupungua uwezo kadiri zinavyochajiwa, na baada ya mizunguko kama 300 hadi 500 huwa zimepoteza sehemu inayoonekana. Katika hedifoni ndogo zisizo na waya kabisa, betri ni ndogo sana na imegundishwa ndani, na kuibadilisha ni kazi ambayo mafundi wengi huikataa. Kwa hiyo unaponunua hedifoni hizo unanunua kitu chenye umri unaojulikana. Kama saa zilizoandikwa kwenye boksi ni nne kwa chaji moja, tarajia pungufu ya hapo baada ya miaka miwili. Chagua zenye saa sita au zaidi ili hata zikipungua ziendelee kukufaa. Tofautisha pia saa za hedifoni zenyewe na saa za jumla pamoja na kasha, kwani matangazo hupenda kuandika ile namba kubwa.

Hatua ya 4: Soma namba za boksi kwa tahadhari

Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote ni masafa ya sauti, kwa kawaida Hz 20 hadi Hz 20,000, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde, kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Hayo ndiyo masafa ambayo sikio changa la binadamu huweza kuyasikia, na karibu kila hedifoni hudai kuyafikia. Bila kueleza sauti inapanda au kushuka kwa desibeli ngapi (kipimo cha ukubwa wa sauti) ndani ya masafa hayo, namba hiyo haikwambii lolote kuhusu ubora. Iruke.

Ukubwa wa spika, kwa mfano milimita 10 dhidi ya milimita 6, nao hauamui ubora, wala idadi ya spika ndani ya kila upande. Spika moja iliyopangwa vizuri hushinda nne zilizounganishwa ovyo.

Namba mbili zinazostahili muda wako, kwa hedifoni za waya, ni ukinzani unaopimwa kwa omu na wepesi wa kutoa sauti unaopimwa kwa desibeli. Simu hutoa umeme mdogo, hivyo tafuta omu 16 hadi 32, na desibeli 100 au zaidi kwa miliwati moja. Omu 60 bado zinakubalika iwapo desibeli zinafikia kiwango hicho. Zenye omu 250 au 300 zimetengenezwa kwa watu wenye amplifaya, na hazina faida kwa anayetembea na simu. Angalia kipimo chenyewe kilichotumika, kwa kuwa kampuni nyingine huandika desibeli kwa volti moja badala ya miliwati moja. Kwa hedifoni ya omu 32, tofauti kati ya vipimo hivyo ni kama desibeli 15: iliyoandikwa 115 kwa volti na iliyoandikwa 100 kwa miliwati zina nguvu sawa, ingawa ukitazama kwa haraka, ya kwanza inaonekana kuizidi mwenzake kwa mbali.

Kwa atakayezitumia mazoezini, tafuta alama ya IPX4, ambayo maana yake ni kuhimili maji yanayorushwa kutoka pande zote, na ambayo kwa jasho la kawaida inatosha. IPX7 ni kuhimili kuzamishwa majini hadi mita moja kwa dakika 30. Kasha la kuchajia mara nyingi halina kinga hiyohiyo, kwa hiyo zikaushe hedifoni kabla ya kuzirudisha ndani.

Kuhusu kuondoa kelele kwa umeme, wazo lenyewe ni la zamani: Paul Lueg alipewa hati miliki yake Marekani mwaka 1936, na kampuni ya Bose ilianza kuwauzia marubani hedifoni za aina hiyo mwaka 1989. Mfumo huo hupokea kelele kwa maikrofoni na kutengeneza wimbi lililo kinyume chake, na hufanya kazi vizuri zaidi kwa mivumo mizito isiyobadilika, kama injini na feni. Mazungumzo ya watu na vilio vya watoto huupita kwa urahisi. Katika hedifoni za bei ya chini mfumo huu mara nyingi ni hafifu, huongeza mvumo mdogo wa wenyewe na hula chaji. Vipira vinavyotosha vizuri hufanya kazi kubwa kuliko mfumo duni wa kuondoa kelele, na fedha iliyobaki ikaenda kwenye spika.

Hatua ya 5: Kagua ujenzi wake

Hedifoni za waya hufa sehemu tatu: pale waya unapoingia kwenye pini, pale unapogawanyika kwenda kila sikio, na pale unapoingia kwenye spika. Shika kila sehemu na uangalie kama kuna kipande cha mpira laini kinachouzuia waya usikunjike kwa ghafla. Pini yenye umbo la herufi L hustahimili mfukoni kuliko iliyonyooka. Kama bajeti inaruhusu, chagua zenye waya unaochomoka kwenye kila spika, kwa sababu waya ukikatika utanunua waya tu. Siku hizi zipo za bei nafuu kabisa zenye sifa hiyo. Zinazotumia pini mbili za milimita 0.78 kuunganisha waya na spika hupatikana kwa wingi na nyaya zake ni rahisi kuzipata.

Kwa zenye upinde, uliza kama pedi zinauzwa peke yake na jaribu kuichomoa moja. Ngozi bandia huanza kubanduka vipandevipande baada ya muda, hasa kwenye joto na jasho, na hedifoni ambayo pedi zake hazibadiliki hugeuka takataka wakati spika zake bado ni nzima. Vuta upinde mpaka mwisho uone kama unakaa au unateleza.

Hatua ya 6: Zijaribu kwa utaratibu

Hapa ndipo uamuzi wa kweli unapofanyika, na ni vibaya kupaharakisha. Nenda na simu yako mwenyewe ikiwa na nyimbo tatu au nne unazozifahamu vizuri, pamoja na kipande cha mtu anayezungumza. Ukiweza, nenda pia na vipira vyako safi, kwa sababu za usafi wa masikio.

Anza na uvaaji. Kwa hedifoni za vipira, pitisha mkono wa upande wa pili juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio na ulivute taratibu juu na nyuma. Tundu la sikio hunyooka, nawe unaingiza hedifoni kwa mkono mwingine huku ukiizungusha kidogo. Achia sikio. Sauti za dukani zinapaswa kufifia na sauti yako mwenyewe, ukizungumza, isikike kama inatoka ndani ya kichwa. Ikiwa hakuna mabadiliko hayo, kipira hakijaziba. Badilisha ukubwa kabla ya kutoa hukumu yoyote juu ya sauti. Tafuna hewa na ugeuze kichwa pande zote uone kama zinalegea. Ikiwa waya unaposuguana na nguo unaleta kishindo sikioni, jaribu kuupitisha juu na nyuma ya sikio. Mara nyingi kishindo hicho hupungua sana.

Kisha sikiliza kwa sauti ya chini. Sikio la binadamu huona chochote chenye sauti kubwa zaidi kuwa ndicho bora, na wauzaji wanalijua hilo. Unapolinganisha hedifoni mbili, shusha ile yenye nguvu mpaka zilingane kwa kadiri unavyoweza kusikia, ndipo useme ipi inakupendeza. Sikiliza besi kama inabaki mahali pake au inafunika sauti ya mwimbaji. Sikiliza herufi s na sh katika maneno. Zikichoma kama sindano kwa sauti ya kawaida, zitakuchosha ndani ya nusu saa, na hakuna kuzoea kutakakoziponya. Muuzaji akikwambia kwamba zitabadilika zikishatumika kwa saa nyingi, usinunue kwa ahadi hiyo. Nunua unachokisikia sasa.

Baada ya hapo cheza maneno ya mtu mmoja yaliyorekodiwa bila mgawanyo wa kulia na kushoto. Sauti inapaswa kusimama katikati kabisa ya kichwa. Ikiegemea upande mmoja, badilishana pande za hedifoni: ikihama nayo, upande mmoja ni dhaifu, ikibaki palepale, shida ni uvaaji au ni chanzo cha sauti. Huku sauti ikiendelea, pinda waya kwa upole karibu na pini, halafu karibu na kila spika. Mkwaruzo wowote au kukatika kwa sauti, hata mara moja, kunatosha kuirudisha hedifoni hiyo kwenye boksi.

Kwa zenye maikrofoni, jirekodi ukisoma sentensi chache, ikiwezekana nje ya mlango palipo na kelele, kisha ujisikilize. Kwa za Bluetooth, ongeza jaribio moja: weka simu kwenye mfuko wa nyuma wa upande ulio mbali na hedifoni kuu (ile inayopokea mawimbi kutoka kwenye simu) na utembee hatua kadhaa, mwili huzuia mawimbi ya redio, na hedifoni dhaifu zitaanza kukatakata.

Mwisho wa yote, zivae kwa dakika 15 bila kufanya jingine. Maumivu yanayoanza kidogo dukani huwa makubwa nyumbani.

Hatua ya 7: Kabla ya kulipa

Bidhaa feki hujaa kwenye majina maarufu, kwa sababu ndiyo yanayotafutwa. Kama hedifoni ya kampuni kubwa inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya kawaida, sababu karibu haiwezi kuwa ukarimu. Kagua herufi zilizochapishwa kwenye boksi, linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye kifaa, na kama kampuni ina njia ya kuihakiki mtandaoni, ihakiki kabla ya kulipa. Binafsi naona ni salama zaidi kununua hedifoni halisi ya kampuni isiyo na jina kubwa kuliko kubahatisha jina kubwa kwa bei ya kutilia shaka.

Uliza juu ya dhamana: ni ya muda gani, inahusu waya na betri au la, na nani anaishughulikia. Omba risiti iandikwe aina kamili ya bidhaa. Ukinunua mtandaoni, soma masharti ya kurudisha kabla ya kufungua boksi, kwani wauzaji wengi hawapokei hedifoni za kutumbukiza sikioni zikishafunguliwa.

Hatua ya 8: Baada ya kuzinunua

Rekebisha sauti kwa ikwalaiza ya simu yako, yaani sehemu ya kupandisha au kushusha sauti nzito, za kati na nyembamba. Hedifoni yenye besi iliyozidi hutulia ukishusha sauti nzito kwa desibeli tatu au nne, na inayochoma hulainika ukishusha eneo la Hz 6,000 hadi Hz 8,000. Jizoeze kushusha kinachozidi kabla ya kupandisha kinachopungua, kwa kuwa kupandisha kunaweza kuipasua sauti.

Kila wiki ondoa vipira, vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, vikauke kabisa, na usafishe wavu wa spika kwa brashi kavu huku tundu likitazama chini ili nta ya sikio isiingie ndani. Upande mmoja ukianza kufifia, kagua nta kwenye wavu kwanza kabla ya kudhani spika imekufa. Waya usiuzungushe kwenye simu. Ukunje kwa mizunguko mipana na uuweke kwenye kifuko.

Na uweke kikomo cha sauti siku ileile ya kwanza. Kiwango kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano kwa watu wazima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto ni desibeli 75 kwa saa hizohizo. Kila desibeli tatu zinapoongezeka, muda salama hukatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 86 ni saa 10, na desibeli 89 ni saa tano tu kwa wiki nzima. Simu nyingi zina mpangilio wa kuzuia sauti isivuke kiwango fulani, kwenye sehemu ya sauti au ya afya. Uwashe ukiwa mahali tulivu, sikiliza maneno ya mtu mpaka yawe wazi bila juhudi, na uweke kikomo hatua moja au mbili juu ya hapo.